Kabla jino halijang'olewa, uliza habari za mfupa

Msomaji mpenzi, maumivu ya jino hayana adabu. Humkosesha mtu usingizi, humnyima chakula na kumfanya agombane na watu wasio na hatia. Umetafuna karafuu, umesukutua maji ya chumvi, umemeza vidonge vya dukani na bado shavu linafukuta. Ukifika kwa daktari siku ya tatu huna simile tena. Unafungua kinywa na kusema neno moja tu: "Ling'oe!"

Daktari anang'oa. Maumivu yanakwisha, unalipa, unarudi nyumbani ukimshukuru Mungu. Ni wachache mno wanaoondoka wakijiuliza juu ya kile kinachobaki, yaani lile tundu ndani ya taya na mfupa unaolizunguka.

Jumapili hii ningependa tuutazame mfupa huo. Si jambo la kuogofya, wala si lazima kila mtu aligharamie. Lakini ni jambo lenye wakati wake. Hufaa lizungumzwe kabla ya koleo kuingia kinywani, kwa sababu baada ya hapo mwili huanza kuamua wenyewe bila kukuuliza.

MFUPA HUISHI KWA KAZI

Taya lina sehemu mbili. Upo msingi wa taya lenyewe, na upo ukingo ambao ndani yake meno yamesimama kama nguzo kwenye mashimo. Ukingo huo hukua pamoja na meno. Meno yakiondoka, nao huanza kuondoka.

Kila unapotafuna, mzizi wa jino huubonyeza mfupa kidogo. Tabaka la ndani kabisa la tundu limeshikamana na mzizi huo kwa nyuzi ndogo ndogo. Jino likitoka tabaka hilo hukosa kazi, na mwili, ambao haupendi kulisha kisichofanya kazi, huliyeyusha.

Wataalamu waliokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi wamekadiria kwamba katika miezi 6 ya kwanza upana wa ukingo hupungua kwa karibu milimita 4, na kimo chake kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo.

Milimita 4 ni kitu kidogo kwenye rula ya mwanafunzi. Lakini kumbuka kwamba ukingo wenyewe, hasa pale mbele, hauna upana mkubwa kuliko kidole chako cha mwisho. Ukiukata kwa kiasi hicho, hakibaki kingi.

Isitoshe, kuta za tundu hazilingani. Ukuta wa upande wa ulimi ni mnene kiasi. Ule wa upande wa mdomo, hasa kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi haufiki hata unene wa milimita 1. Huo ndio huporomoka kwanza, na ndiyo sababu ufizi wa mtu mwenye pengo huonekana umebonyea kwa nje.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani hasara yake ni ipi? Kama jino halipo, mfupa wa nini?

Jibu linategemea unataka kuweka nini mahali pa jino. Mtu anayetaka kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayotiwa ndani ya taya na kuvishwa jino juu yake, anahitaji mfupa wa kuishikilia skrubu hiyo. Anayetaka daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwa majirani wake wawili, anahitaji ufizi uliojaa. Ukibonyea, hubaki uwazi chini ya jino hilo, chakula kinaingia na kila akicheka kivuli kinaonekana. Hata meno ya bandia ya kuvaa na kuvua huhitaji ukingo wa kukalia.

Kuhusu haya ya mwisho, mnamo 1972 mtaalamu Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwachunguza kwa miaka 25 watu wasio na meno kabisa waliokuwa wakivaa meno ya bandia. Aligundua kwamba mfupa uliendelea kupungua mwaka baada ya mwaka, na kwamba taya la chini lilipoteza takriban mara nne ya lile la juu.

Sasa unajua kwa nini nyanya yako huvaa meno yake ya juu siku nzima, lakini yale ya chini hushinda kwenye glasi ya maji. Si ukaidi wa uzee. Hayana pa kukalia. Na ndiyo sababu ukipika githeri yeye huomba ugali na mboga laini.

TUNDU HUJAZWA VIPI?

Njia ya kupunguza hasara hiyo ni kulijaza tundu siku ile ile jino linapotoka. Daktari huling'oa jino polepole, pengine kwa kuigawanya mizizi na kuutoa mmoja mmoja, ili asiuvunje ule ukuta mwembamba wa nje. Hulisafisha tundu, hulijaza chembechembe za mfupa au za kitu kinachofanana na mfupa, hufunika kwa utando mwembamba, kisha hushona nyuzi chache. Kwa kawaida husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kutia kipandikizi.

Chembe hizo si mfupa mpya. Fikiria nyumba ya udongo kule mashambani. Fito peke yake si nyumba, lakini pasipo fito udongo hauna pa kushika. Chembe ni fito. Udongo ni mfupa wako mwenyewe, unaoingia taratibu katikati yake.

Fito hizo hutoka wapi? Hapa ndipo mgonjwa anapaswa kutega sikio, maana wengi hutiwa kitu kinywani wasijue asili yake. Kuna makundi manne.

Kwanza ni mfupa wako mwenyewe, unaokwanguliwa kidevuni au nyuma ya taya. Mwili haumkatai mwenyeji wake. Ubaya ni kwamba utakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Pili ni mfupa wa binadamu mwingine, aliyekubali kabla ya kufariki, au jamaa zake wakakubali, viungo vyake visaidie wengine. Hupimwa magonjwa, husafishwa na kukaushwa kwenye hifadhi maalumu.

Tatu ni mfupa wa mnyama, hasa ng'ombe, na wakati mwingine nguruwe. Huondolewa nyama, mafuta na protini zote hadi yakabaki madini matupu. Huu wa ng'ombe hauyeyuki upesi, na chembe zake zaweza kukaa ndani ya taya kwa miaka.

Nne ni vitu vilivyotengenezwa au kutolewa kwenye madini. Kuna chumvi za kalsiamu na fosfeti. Kuna glasi ya pekee inayoshikana na mfupa, iliyobuniwa na Larry Hench huko Florida, Marekani, mnamo 1969. Kuna plasta, ndugu ya ile anayofungwa mtu aliyevunjika mkono, ambayo daktari Mjerumani, Dreesmann, aliandika mnamo 1892 jinsi ilivyotumiwa kujaza mashimo ya mifupa. Kuna hata matumbawe ya baharini yaliyosafishwa. Wenzetu wa pwani waliojengewa nyumba za mawe hayo hawatashangaa.

Zaidi ya makundi hayo, wapo madaktari wanaotumia damu ya mgonjwa. Huchotwa mkononi, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi ikatoa utando mzito wa manjano, kisha utando huo hutiwa tunduni. Njia hii ilianzia Ufaransa, ikaelezwa na Joseph Choukroun na wenzake mnamo 2001.

SUALA LA IMANI

Ikiwa wewe ni Mwislamu, ni haki yako kabisa kuuliza kama kuna kitu cha nguruwe katika matibabu hayo. Usiishie kwenye chembe peke yake. Uliza pia kuhusu ule utando wa kufunika, kwa sababu aghalabu hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe au ya ng'ombe. Mhindu asiyekubali kitu cha ng'ombe naye aulize vivyo hivyo, na pia yeyote ambaye moyo wake hautulii akisikia habari za mfupa wa marehemu.

Daktari mwema hatakasirika. Kila pakiti ina maandishi yanayoeleza kilichomo. Mwombe akusomee. Kwa anayetaka kuepuka shaka yote, kuna vile vya madini, na kuna damu yake mwenyewe.

JE, INAFAA KWELI?

Hapa tuseme ukweli, maana biashara nayo imo. Mnamo 2021 kundi la wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima uzito wa ushahidi wa tiba, lilirudia kuuchunguza ushahidi uliopo. Lilikuta kwamba tundu lililojazwa mfupa wa mnyama lilipoteza mfupa kidogo kuliko tundu lililoachwa: tofauti ilikuwa zaidi kidogo ya milimita 1 kwa upana na pia kwa kimo. Lakini wataalamu hao walionya kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Hawakuona pia ithibati ya kuridhisha kwamba aina moja ya chembe inaishinda nyingine.

Kwa hivyo, msomaji, tusidanganyane. Kujaza tundu hakuzuii mfupa kupungua. Hupunguza kule kupungua. Anayekuahidi kwamba mfupa utabaki kama ulivyokuwa, au kwamba unga wake ndio pekee unaofaa, huyo anauza.

Hata hivyo milimita moja si kitu cha kudharau. Kwa jino la mbele, yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kutia kipandikizi moja kwa moja na kulazimika kwanza kufanyiwa upasuaji wa kuujenga ukingo upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Ukuta wa mfupa uliokwisha kuporomoka huweza kujengwa tena, lakini kwa pesa nyingi zaidi, kwa kidonda kikubwa zaidi na kwa miezi mingi ya kungoja.

NANI AFIKIRIE, NANI ASIJISUMBUE

Anayepaswa kufikiri sana ni yule anayepoteza jino la mbele, au anayepanga kutia kipandikizi siku za usoni hata kama leo hana pesa zake.

Asiyehitaji kujisumbua ni anayeng'olewa gego la mwisho kabisa, ambalo hakuna atakayeweka lingine mahali pake. Vilevile mzee ambaye hana mpango wa kuweka jino lolote. Pengo si ugonjwa. Zamani Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini kama desturi, na Wamaasai mawili ya katikati, na watu hao walikula, walisema na kuzeeka kwa heshima zao.

Pia yapo matundu yasiyofaa kujazwa siku hiyo hiyo. Kukiwa na usaha mwingi, daktari anaweza kuamua kusafisha na kungoja.

Yuko na mtu wa tatu ambaye husahauliwa: kijana. Tuseme mwanao wa miaka 15 ameanguka na baiskeli na jino la mbele limepasuka hadi mzizini. Mazungumzo huenda hivi:

"Daktari, si utamtilia tu kipandikizi?"

"Hapana, mama. Taya lake bado linakua. Kipandikizi hakikui pamoja nalo. Tukikitia sasa, baada ya miaka michache jino hilo litaonekana fupi kuliko wenzake."

"Basi tungoje hadi lini?"

"Hadi aache kukua, pengine afike miaka 20 au zaidi."

Kumbe kijana huyo ana miaka mitano au zaidi ya kungoja, huku mfupa ukipungua. Katika hali kama hiyo mzazi aulize mambo mawili. Je, tundu linaweza kujazwa? Na je, kuna uwezekano wa kuuacha mzizi ndani? Zipo hali ambazo daktari hukata jino usawa wa mfupa na kuuacha mzizi uendelee kuhifadhi ukingo, kisha kijana akavaa jino la bandia kwa muda. Haiwezekani kwa kila jino, lakini asiyeuliza hataambiwa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA GANZI

Nimesema kabla ya ganzi kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kudungwa sindano, midomo imekufa ganzi na koleo liko mezani, si mtu wa kufanya uamuzi wa pesa. Uliza haya mapema, ukiwa umeketi wima:

1. Je, jino hili linaweza kuokolewa? Kuna meno mengi yaliyooza ambayo bado yanaweza kusafishwa mizizi na kufunikwa. Hakuna kitu kinachohifadhi mfupa kuliko jino lenyewe.

2. Nikiling'oa, nitaweka nini mahali pake, na lini? Bila jibu la swali hili, swali la kujaza tundu halina maana.

3. Ukuta wa nje wa tundu langu uko katika hali gani?

4. Utanitilia kitu gani, kimetoka wapi, na utafunika kwa nini?

5. Jumla ni pesa ngapi, tangu leo hadi siku jino jipya litakapokaa kinywani? Bei ya chembe pekee haitoshi. Uliza pia kama bima yako, ya kibinafsi au SHA, italipia chochote, na uulize kabla, si baada.

La muhimu kuliko yote, hakikisha anayekuhudumia ana leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Wapo wanaofungua vyumba vya kung'oa meno mitaani bila kusomea kazi hiyo. Huko mfupa huvunjwa, sembuse kuhifadhiwa.

Na wewe pia mwambie daktari ukweli. Kama una ugonjwa wa sukari, sema. Kama unavuta sigara, sema, kwa sababu sigara huchelewesha kidonda kupona. Kama unatumia dawa za mifupa dhaifu, au una saratani na hudungwa sindano za kulinda mifupa, usikubali kung'olewa hata jino moja kabla ya kusema. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuufanya mfupa wa taya ukatae kupona.

KAMA PESA HAZIPO

Najua wasomaji wengi wamefika hapa wakitikisa kichwa. Pesa za kung'oa zenyewe zimekopwa, za chembe zitatoka wapi?

Kujaza tundu hugharimu mara nyingi zaidi ya kung'oa jino, hilo halina ubishi. Lakini yapo mambo ya kuusaidia mfupa ambayo hayahitaji kununua chochote.

La kwanza ni kumwomba daktari ang'oe kwa upole, asivunje ukuta wa nje. Ombi hili halilipiwi.

La pili ni kulilinda bonge la damu linaloganda tunduni. Bonge hilo ndilo mwanzo wa mfupa mpya. Uma kitambaa ulichopewa kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Usisukutue siku hiyo, usiteme mate kwa nguvu, usinywe soda kwa mrija, usivute sigara, usitie ulimi wala kidole kwenye tundu. Baada ya saa 24 anza kusukutua taratibu maji vuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya pili au ya tatu badala ya kupungua, rudi kwa daktari. Huenda bonge limetoka na mfupa umebaki wazi.

Aliyejazwa chembe naye afuate hayo hayo. Akiona chembe moja mbili kama mchanga ulimini siku za mwanzo asishtuke. Lakini zikimwagika nyingi, au akipata usaha, homa au uvimbe unaoongezeka, arudi upesi.

La tatu ni kuyatunza yale yaliyobaki. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, na kwenda kwa daktari jino linapoanza kusisimka kwa maji baridi, si shavu linapokuwa kama andazi.

Msomaji mpenzi, huna haja ya kutoka kliniki na deni kwa kuogopeshwa, wala huna haja ya kuja kujuta baada ya miaka mitano kwa kuwa hukuambiwa. Uamuzi ni wako. Uufanye ukijua unachochagua, na uufanye jino likiwa bado kinywani.

Panapo majaliwa, tuonane Jumapili ijayo.